Sitaki Nzuri, Nipe Ila

Mimi ni dereva. Nimeendesha gari la ofisi miaka ishirini na minne, sasa nina umri wa miaka hamsini na miwili, na kama kuna shimo kati ya Dodoma na Kondoa, au kati ya Kongwa na vile vijiji ambavyo barabara yake ni alama za magurudumu tu, shimo hilo linaujua mgongo wangu. Siku hizi lami imefika mbali, nashukuru. Lakini mgongo hauna fundi wa kuurudisha kilomita nyuma.

Tena mimi ni mtu wa hasira. Nalisema mapema msije mkanisifu bure. Sijawahi kumpiga mke wangu wala wanangu, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini nilipiga milango, nilipiga meza, nilipiga kelele. Nikisikika getini, nyumbani watu walikuwa wanapunguza sauti ya redio. Barabarani ndiyo usiseme. Siku moja niligombana na bodaboda pale Majengo, nikashuka garini, nikamwacha bosi wangu, mama mtu mzima, kiti cha nyuma na mafaili yake. Niliporudi yule mama hakunikaripia. Alisema tu, "Dereva, tafuta kitu cha kupiga ambacho si honi."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye karate, nikiwa na karibu miaka arobaini na kitambi cha kuanzia maisha. Kundi lilikuwa linafanya mazoezi Jumatano na Jumamosi jioni kwenye ukumbi wa shule ya msingi upande wa Chang'ombe, madawati yanasogezwa ukutani, mikeka inatandikwa. Nilipigwa, nikachoka, nikatukanwa kwa heshima. Nikirudi nyumbani sina nguvu hata ya kukunja uso. Mwezi wa tatu mke wangu aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuharibu, "Baba, umeokoka?"

Ndiyo maana nasema wenzangu walikwenda pale kutafuta mkanda. Mimi nilikwenda ili nyumba yangu ikalike.

Nilidumu miaka kumi nikafika mkanda wa kahawia, ule unaotangulia mweusi. Kisha mwili ukaanza kudai haki zake. Mgongo ulikuwa ukiniuma siku nyingi, ila nilikuwa najikaza kisabuni. Bega la kulia nililiharibu mwenyewe. Tulipata pancha tukitoka Kondoa, nati moja ikagoma, nami nikaivuta spana kwa hasira badala ya akili. Nikasikia "ta!" ndani ya bega. Nati haikufunguka.

Nikaenda hospitali, nikapigwa picha. Daktari akanionyesha pingili mbili za chini zilivyokaribiana mpaka zinagusa mshipa wa fahamu, akaniambia na bega lina msuli uliochanika kidogo. Nikamuuliza kuhusu karate. Akanitazama juu ya miwani. "Mzee, unataka kutembea uzeeni, au unataka kurusha mateke?"

Nikakaa nyumbani miezi miwili. Weee! Yule mtu wa zamani alirudi na mizigo yake yote. Nilibwata kwa sababu ya ndoo iliyowekwa njiani, nilibwata kwa sababu ya upepo kupiga bati, kana kwamba upepo wa Dodoma ulinihitaji mimi ili utulie. Jumapili moja mchana nikaisukuma sahani ya mlenda ikaanguka ikavunjika, kisa chumvi. Mwanangu wa mwisho, binti wa miaka kumi na mmoja, akainama kuokota vipande. Hakulia. Hakunitazama. Alikuwa anaokota kama mtu aliyezoea, na hilo ndilo lililonichoma. Nililia bafuni siku ile, nimefungulia bomba ili wasinisikie.

Jumatano iliyofuata nikachukua nguo zangu nyeupe nikarudi ukumbini bila kumwambia mtu.

Hapa nimtaje mwalimu. Mwalimu wetu wa kwanza alihamishiwa Mwanza kikazi, akamwachia kundi mwanafunzi wake hodari kuliko sote, dada mmoja anayefundisha michezo sekondari. Ana umri wa binti yangu mkubwa. Nikifika ananiamkia, "Shikamoo baba," nami naitikia, "Marahaba mwalimu." Dakika tano baadaye tunapanga mstari na mimi ndiye ninayemwinamia. Wageni huwa wanacheka. Sisi tumezoea, kila heshima ina saa yake.

Siku ile aliniamkia, akaniuliza, "Habari za mgongo, baba?"

"Nzuri."

"Na bega?"

"Salama tu."

Akafurahi, akaniweka mstari wa mbele. Zoezi la kwanza lilikuwa kubiringika, unapita juu ya bega na kuinuka upande wa pili. Nikabiringika. Kuinuka ndiko kulikokataa. Mgongo ulinibana kutoka kiunoni hadi kisigino, nikabaki pale chini nimekunjika, natazama feni ya ukumbi, siwezi hata kusema "mama". Wanafunzi wa chuo tunaofanya nao mazoezi wakanibeba kwenye ubao wa kuandikia wakanipakia kwenye bajaji, nusu ndani, miguu nje. Mwalimu alikimbia pembeni ya bajaji hadi njia kubwa, peku.

Kesho yake alikuja kuniona na mfuko wa zabibu za Hombolo. Akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Hali yako?"

"Nzuri."

Akasimama. Sijawahi kumwona amekasirika, hata mtu akimpiga ngumi ya pua kwa bahati mbaya. "Nzuri! Umelala chali, huwezi kugeuka, mkojo unaletewa chombo, halafu nzuri! Baba, jana nilikuuliza. Ningekuvunja!"

Nami nikawaka, maana hata nikiwa chali kinywa changu ni kizima. "Ulitaka nijibu nini? Mtu akiulizwa habari anasema nzuri! Hata msibani tunaulizana habari za hapa, tunajibiwa, nzuri, ila ndiyo hivyo tumefiwa!"

Mwalimu akakaa tena. "Basi hiyo ila ndiyo niliyokuwa naihitaji," akasema. "Ulikata sentensi katikati, baba. Ulinipa nzuri, ukabaki na ila yako mfukoni."

Mke wangu alikuwa mlangoni na chai. Yeye kwao Muheza, na watu wa huko wana Kiswahili chao cha ndani. Akacheka mpaka sinia likatikisika. "Unajua kwetu ila ni nini? Ni dosari. Ni kasoro ya kitu. Mwalimu, huyu umwambie akupe kasoro zake? Utasubiri mpaka kiama."

"Nitasubiri," mwalimu akasema. "Ukirudi, baba, na utarudi, ukumbini kwangu sitaki nzuri. Utaanza na ila."

Nilidhani ni maneno ya kumfariji mgonjwa. Kumbe dada yule akisema kitu anakifanya. Nilipoweza kukaa, alinipeleka kwenye chumba cha fiziotherapia, yeye mwenyewe, na daftari la mistari mikononi. Mtaalamu aliyetupokea alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa. Nikamwambia daktari amesema karate basi. Akasoma cheti, akasema, "Amesema basi kwa karate uliyokuwa ukiifanya. Hebu nionyesheni hiyo karate ni kitu gani."

Mwalimu akavua viatu, akamwonyesha. Ngumi, mateke, kuzuia, kuanguka, moja baada ya nyingine, katikati ya vitanda vya wagonjwa. Bibi mmoja aliyekuwa ananyooshwa goti akauliza kama huyo binti ameolewa. Kwa kila kitu mtaalamu alisema, "Hii anaweza. Hii bado. Hii asahau kabisa," na mwalimu akaandika. Nilikaa pale natazama watu wawili ambao hawanidai chochote wakinitafutia njia. Hadi leo nikiwakumbuka namwomba Mungu awape maisha marefu, wote wawili.

Mtaalamu aliniuliza, "Mama yako akipalilia karanga, anainamaje?" Mama yangu ni Mgogo wa Kongwa, amepalilia tangu yuko msichana. Nikamwonyesha: makalio nyuma, mgongo umenyooka, anakunjika kwenye nyonga. "Ana miaka mingapi?" Sabini na nane. "Analalamika mgongo?" Hajawahi. "Sasa wewe uliyeajiriwa umejifunza wapi kuinama kwa kiuno?" Nikiwa bado kwenye likizo ya ugonjwa nikaenda kwa mama, nikasimama nyuma yake shambani namtazama anavyoinama. Akageuka, akaniuliza nimepotelewa na nini. Nikamwambia najifunza karate. Alicheka hadi jembe likamdondoka, akaenda kuwatangazia majirani.

Niliporudi ukumbini kulikuwa na sheria mpya, na ilikuwa ya watu wote. Mnapanga mstari, mwalimu anapita, kila mmoja anasema ila yake. Wiki za kwanza ilikuwa vichekesho. "Ila yangu ni mtihani wa takwimu." "Ila yangu mwenye nyumba ananitafuta." Mwalimu hakucheka, alisikiliza tu na kusonga mbele. Ikifika zamu yangu nilikuwa naona aibu kama mtu aliyeambiwa avue shati sokoni. Siku ya kwanza nilisema, "Nzuri, il..." Akanikatiza. "Nzuri iache nje na viatu."

"Ila bega haliinuki kupita hapa," nikasema, nikaonyesha kifua.

"Asante, baba," akasema. Hivyo tu. Kisha akageukia kundi. "Leo hakuna ngumi inayopita kifua. Wote."

Jamani! Nilitegemea atanitenga pembeni na maji ya kunywa. Badala yake vijana ishirini na kitu wakapiga ngumi za chini jioni nzima kwa sababu ya bega langu, na hakuna aliyenuna.

Basi karate yangu ikageuka polepole. Teke langu likashuka hadi magotini mwa mtu, na niwaambieni, teke la goti linamtoa kijana wa chuo jasho kuliko lile la kichwa, maana haoni linatoka wapi. Kusimama kwangu kukawa kufupi, miguu imekaribiana, nyonga zimetulia. Zamani mtu akinirushia ngumi ya uso niliinua mkono kuizuia kwa nguvu. Sasa mkono hauinuki, ikabidi nijifunze kuondoka pale ngumi inapokuja. Hatua moja ya pembeni, fupi, basi. Miaka kumi nilikuwa naambiwa hivyo, sikusikia, kwa sababu bega lilikuwa bado zima na kichwa kilikuwa kigumu.

Kubiringika nimesahau, kama mtaalamu alivyosema. Kuanguka ninaanguka kwa upande wa kushoto tu, kutoka kuchuchumaa, na yupo binti mmoja wa uhasibu ambaye kila mara anasogeza mkeka wake karibu na wangu bila kuambiwa. Badala ya yale mazoezi ya tumbo ya kuinuka kutoka chali, yanayovunja kiuno, nalala chali nanyoosha mkono mmoja na mguu wa upande mwingine, polepole, kiuno kimegusa chini. Ukiniona utadhani mende aliyepinduliwa. Kwa bega, mwalimu alikata tyubu ya baiskeli akaifunga kwenye nondo za dirisha, nikawa naivuta mara kumi na tano, kiwiko kimebana mbavu. Halafu vidole vinapanda ukutani mpaka vinapogoma, naye anachora mstari wa chaki. Mwezi wa kwanza mistari yote ilikuwa mahali pamoja, nikataka kuufuta ukuta ule kwa mate. Mwezi wa nne mstari ulipita sikio. Kundi zima likapiga makofi, na mlinzi wa shule akaja kuuliza nani ameshinda.

Kuna siku nilisema ila yangu kwa ukweli, mwalimu akaniambia, "Leo utakaa." Nikanuna. Nilikaa kwenye dawati nimefura, nikatafuta neno la kumwambia, nikakumbuka kwamba ni mimi niliyempa sababu. Alinipa kazi ya kuwahesabia wenzangu. Nikahesabu. Ilipofika mia mbili niliona nimeacha kununa, sijui kwenye namba ngapi.

Mkanda mweusi sijapata, msiniulize. Nikiupata nitaupokea, nisipoupata ule wa kahawia haujachanika.

Lakini sijamaliza, na hapa ndipo ninapotaka kufika. Mnaweza kudhani hasira ziliisha. Zilipungua. Kelele zilipungua sana. Binti yangu alianza kukaa sebuleni nikiwepo. Hata hivyo kulikuwa na siku ambazo nikirudi safari nilikuwa mtu wa kukwepwa, mdomo umefungwa, mlango unafungwa kwa kishindo, naoga, nalala, na mke wangu anatembea ndani ya nyumba yake kwa kunyata. Sikujua kwa nini. Nilijua tu kwamba nimechoka na sitaki maneno. Naye akiniuliza, "Habari za safari?" namjibu, "Nzuri." Mwaka mzima na zaidi nilikuwa natoa ila zangu mbele ya vijana wa watu, na nyumbani narudi na nzuri mdomoni, kama kawaida.

Jumamosi moja nilitoka Kongwa mchana. Tulikuwa tumeingia vijijini siku tatu na wakaguzi. Tangu Mbande mguu wa kushoto ulikuwa unawaka, na kila nikikanyaga klachi nilikuwa nauma shavu kwa ndani ili abiria wasijue. Nikashusha watu, nikaacha gari ofisini, nikafika nyumbani kama saa kumi. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani anachagua mchele kwenye ungo. Kwenye ngazi palikuwa na ndoo ya maji, katikati kabisa ya njia.

Nikaiona ile ndoo. Nikasikia hasira inavyopanda, najua kabisa inakokwenda. Mke wangu naye aliniona nimeiona. Akaacha kuchagua, akaanza kuinuka haraka aje kuiondoa, na uso wake ukawa ule uso wa binti yangu siku ya sahani.

"Habari za safari?" akasema, huku anainuka.

Nikafungua mdomo. Nzuri ilikuwa tayari mlangoni, na nyuma yake kelele za ndoo. Sijui kwa nini, labda ni mazoea tu ya ukumbini, maana ilikuwa Jumamosi na muda wenyewe ulikuwa umekaribia.

"Mgongo unaniuma," nikasema. "Umeniuma tangu Mbande. Ninaogopa. Naogopa siku moja mguu utashindwa kukanyaga nikiwa na watu ndani ya gari. Naogopa kuwaambia kazini."

Sauti yangu ilikuwa ya ajabu masikioni mwangu. Mke wangu akabaki amesimama nusu, mkono mmoja kwenye nguzo ya baraza.

"Mgongo?" akasema.

"Ndiyo."

"Siku zote ukirudi hivi, huwa ni mgongo?"

Nikafikiri. Nikazipitia zile safari, ile milango, yale macho niliyokuwa namkwepesha. "Karibu zote," nikasema. "Ni mgongo na woga."

Akakaa tena polepole kwenye mkeka. Akautazama mchele. Nikaona machozi yanamdondokea kwenye ungo, naye hayafuti.

"Mimi nilijua ni mimi," akasema. "Miaka yote hii. Ukiingia hivyo, najiuliza leo nimefanya nini. Sikupata jibu, lakini nilijua ni mimi."

Niliishika ndoo kwa mkono wa kushoto, mgongo umenyooka, nikaiweka pembeni. Nikakaa chini karibu naye, taratibu, kwa hatua zile nilizofundishwa.

"Haikuwa wewe," nikasema. "Hata siku moja."

Akafuta uso kwa upindo wa kanga, akanipiga kofi la begani, lile bega zima.

"Sasa si ungesema," akasema.